Mashine Iliyonukia Sabuni

Kijiwe chenyewe kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matairi mawili makuukuu, ukaegemezwa ukutani kwa Fundi Bisibisi, kati ya mlango wa karakana yake na dirisha la chumba cha mama mkwe wake. Ubao ulikuwa na msumari uliochungulia upande wa kushoto, na mgeni yeyote aliyekaa hapo aliinuka haraka kuliko alivyokaa. Wenyeji walijua pa kukaa. Kinyozi wa jirani alikaa katikati, apate kuona kiti chake kikipata mteja. Waliomwita Nusu Kichwa walikuwa na sababu: siku moja umeme ulikatika akiwa amenyoa upande mmoja wa bwana harusi. Pembeni alikaa Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote, ila alibeba mafaili ya wakubwa ofisini muda mrefu mpaka maneno yao yakamganda kinywani. Dada Birika alikuwa amechutama mbele yao na jiko lake la mkaa, akimimina kahawa. Nyuma yao wote, kupitia dirisha lililofunikwa pazia la maua, mashine ya oksijeni ilikuwa inavuma: nguuu, pshh, nguuu, pshh.

— Leo inavuma kweli, alisema Nusu Kichwa akipuliza kikombe chake. Jana dirisha lilikuwa kimya, nikasema jamani, kulikoni?

— Jana mama alilala kliniki, Bisibisi alijibu. Wamempima, wamemrudisha leo asubuhi. Mke wangu kamlaza, kamwekea mrija puani, kakimbilia zamu yake kiwandani. Kaniambia, mama namwacha mikononi mwako.

— Mikononi mwako wewe?

— Mwangu mimi. Kwani mikono yangu ina nini?

Walicheka. Bisibisi naye alicheka, lakini kidogo. Asubuhi hiyo alikuwa amesimama mlangoni kwa mkwewe, hodi hodi, akamwuliza ameamkaje. Mama alisema hajambo, ila amechoka. Alisema neno moja, akapumua, akasema la pili. Bisibisi alidhani ni safari ya kutoka kliniki.

— Hebu tueleze, Waziri alisema, akajiweka sawa kama mtu anayefungua mkutano. Hiyo mashine haina mtungi. Haijazwi. Oksijeni inaitoa wapi?

— Humu humu, Bisibisi alionyesha hewa kwa kidole. Inavuta hewa hii yetu, inaichuja.

— Hii hii yenye moshi wa Dada Birika?

— Moshi wangu una nini? Dada Birika alimtupia jicho. Wewe ukinywa hulalamiki.

— Ndani kuna makopo mawili, aliendelea Bisibisi. Makopo yamejaa punje ndogo ndogo, kama chenga za mchele. Mashine ni ya aina mpya, chuo bado kinaifanyia majaribio. Yule binti wa chuo aliyeileta alitufafanulia, mimi na mke wangu. Alisema kila punje ni kiunzi. Mmeona jukwaa wanalopanda waashi wakijenga ghorofa? Basi ndivyo. Kwenye kona kuna chembe ya metali, na kutoka kona hadi kona kuna vijiti vya kaboni. Katikati ni vyumba vitupu. Chumba, mlango, chumba, mlango, mpaka mwisho.

— Vyumba vya kukaa nani?

— Vya kupita hewa, Waziri! Molekuli moja moja.

— Kwa hiyo ni vidogo.

— Vidogo mpaka basi. Miwani yako haioni hata kivuli chake. Lakini ni vingi. Binti alisema ukizibandua kuta zote za vyumba vilivyomo kwenye kijiko kimoja, ukazitandaza chini, zitafunika uwanja wa mpira.

Dada Birika alisahau kwamba alikuwa anamimina. Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwunguza Waziri kidole gumba.

— Aaah! We mwanamke!

— Uwanja wa mpira? Dada Birika hakumsikia. Uwanja ule wa kuchezea?

— Na magoli yake.

— Kijiko cha chai au upawa?

— Cha chai.

— Toba! Nusu Kichwa alishika kichwa chake mwenyewe, kizima. Kijiko cha chai! Na mimi nimepanga kibanda ambacho mteja akinyoosha miguu anamkanyaga mpita njia. Kumbe ningepanga ndani ya punje!

— Ngojeni, ngojeni, Waziri alisema akinyonya kidole. Hili ni jambo kubwa. Hapa ugomvi wa viwanja umekwisha. Ndugu akikusumbua, nataka eneo langu la urithi, unamchotea kijiko. Akizidi kelele, unamwongezea ncha ya kisu.

— Na mpangaji mkorofi unampuliza, puu!

— Acheni utani, Dada Birika alisema. Mimi nataka kujua hewa inapitaje humo. Nani anaisukuma vyumba vyote hivyo?

Bisibisi alipenda swali hilo. Siku ile aliyoletewa mashine alimsikiliza yule binti kwa hamu, mdomo wazi, na tangu hapo alikuwa akingoja mtu wa kumsimulia.

— Pampu inaisukuma mpaka mlango wa kwanza tu. Baada ya hapo kila molekuli na miguu yake. Na haijui inakokwenda! Inagonga ukuta, inarudi. Inaingia chumba cha pili, inatoka, inarudi cha kwanza. Inayumba, inapapasa, inasukumwa na nyingine zinazokuja nyuma. Mlango ukiwa mwembamba zinapita kwa foleni, ya nyuma haiwezi kuipita ya mbele. Hivyo hivyo mpaka inajikuta imetokea upande wa pili.

— Kama Waziri akitafuta nyumba yake akitoka kwenye sherehe.

— Nyumbani nafika, kinyozi. Wewe hata kichwa cha mtu hukifikishi mwisho.

Bisibisi alingoja kicheko kipungue.

— Sasa sikilizeni utamu wenyewe. Hewa tunayovuta, sehemu kubwa si oksijeni. Ni nitrojeni. Na zile metali za kwenye kona zina udhaifu kwa nitrojeni. Akipita tu, zinamshika. Kila kona anashikwa mkono. Habari za nyumbani? Watoto wazima? Mbona siku nyingi? Anachelewa. Oksijeni yeye hawamshiki sana, anapita zake, anatokea wa kwanza, anaingia kwenye mrija, puani kwa mama. Wale waliochelewa kwenye salamu mashine inawafukuza kwa nyuma. Ile pshh mnayoisikia ndiyo wanafukuzwa.

Waligeuza vichwa wote, wakasikiliza dirisha. Nguuu, pshh.

— Jamani, Dada Birika alisema taratibu. Kwa hiyo mama wa watu anaponea salamu.

— Ndiyo hivyo.

— Salamu tu! Makubwa haya.

Nyuma ya pazia mama alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa kifupi, kama cha mtu asiyetaka kusumbua. Bisibisi aliinua kichwa, akangoja. Hakukohoa tena. Akarudi kwenye kahawa yake, lakini hakuinywa.

— Mbona anakohoa, na mashine mpya? aliuliza Nusu Kichwa.

— Amechoka. Safari.

— Si mlisema kliniki ni hapo tu, nyuma ya soko?

Bisibisi alifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi.

— Mashine yenyewe nimeihudumia jana, alisema. Haina tatizo. Juzi iliwasha taa ya njano. Nikasema, nafasi ni hii, mama yuko kliniki. Nikaifungua.

— Ukaifungua!

— Mimi ni nani? Feni nafungua, pasi nafungua, redio nafungua. Nimefanya kazi hii mpaka vidole vimepinda, na nimejifunza jambo moja: vitu haviharibiki. Vinachafuka. Watu wananiletea kitu wanalia, kimekufa fundi, kimekufa. Nakifungua, nakisafisha, kinafufuka. Basi nikafungua makopo, nikazikuta zile punje zimefubaa, zina rangi ya vumbi. Nikazimimina kwenye beseni. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya unga, nikazisugua kwa viganja mpaka povu likaja jeusi. Nikazisuuza. Nikazianika juani kwenye sinia, nikazirudisha. Mama mwenyewe asubuhi kanisifu. Kasema, mkwe wangu, leo hewa inanukia sabuni.

Nusu Kichwa aliangua kicheko mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Umeosha viwanja vya mpira! Kwenye beseni!

— Vingapi? Waziri aliuliza. Makopo mawili, tuseme vijiko mia, mia mbili... Bwana we, umefua mkoa mzima!

— Nimefua, Bisibisi alisema kwa fahari. Na upepo wake sasa! Nimeweka kiganja kwenye mrija, unatoka mwingi, wa baridi, safi.

— Basi kwa nini mama amechoka? aliuliza Dada Birika.

Swali lilikuwa dogo, na kila mtu alilirukia kama vile limeangushwa kwa ajili yake.

— Mimi najua, Nusu Kichwa alisema. Sabuni inateleza. Si uliosha kwa sabuni? Sasa mle ndani kuta zote zinateleza. Oksijeni badala ya kupapasa inaserereka, fyuuu, inafika puani kwa kasi, mapafu yanaikosa. Mama anachoka kwa kuikimbiza.

— Hapana, hapana, Waziri alisema. Fikiria umbali. Hewa imevuka viwanja vya mpira, uwanja baada ya uwanja, kwa miguu. Inafika imechoka. Na ukivuta hewa iliyochoka, na wewe unachoka. Hilo hata mtoto analijua.

— Hewa iliyochoka!

— Ndiyo. Inahitaji kupumzishwa. Ningekuwa mimi, ningeweka ndoo katikati, ipumzike humo kwanza.

— Au vyumba sasa ni safi mno, Nusu Kichwa aliongeza. Hewa ikifika inaona mahali pazuri, inasema mimi siondoki. Ungekuwa wewe ungeondoka?

Walicheka tena. Hata Bisibisi alifungua mdomo acheke, lakini kicheko kilikwama. Maneno ya mwisho ya kinyozi yalikuwa yamegusa kitu alichokisahau. Mimi siondoki. Nani alisema habari ya mgeni asiyeondoka?

— Bisibisi, Dada Birika aliita. Mbona umetulia?

— Kuna kitu binti alisema, Bisibisi alijibu polepole. Mke wangu alimwuliza, je, hizo metali zinampenda nitrojeni kuliko wote? Binti akasema hapana. Akasema yupo zinayempenda zaidi. Akasema huyo akiingia, zinamng'ang'ania kila kona, anajaza vyumba, na huyo si wa kufukuzwa kwa pshh. Huyo ndiye mgeni asiyeondoka.

— Nani huyo?

Fundi Bisibisi alisikia jibu likitoka kinywani mwake kabla hajalifikiria.

— Maji.

Jiko la mkaa lilitoa mlio mdogo, tii.

— Lakini ulizianika, Waziri alisema haraka.

— Nilizianika. Jua kali, kutwa nzima. Zilikuwa kavu kau. Nilizishika hivi, mkononi, hazikuwa na hata unyevu.

— Basi.

— Basi, alisema Bisibisi.

— Mkono wako unaingia kwenye hivyo vyumba? Dada Birika aliuliza.

Bisibisi aliutazama mkono wake. Ulikuwa mkono wa fundi, mpana, kucha zimekatika, na kila kidole kilikuwa kikubwa kama nyumba.

— Si alisema, alianza. Alisema isikaribie maji. Mimi nilidhani anasema kama tunavyosema kwa kitu chochote cha umeme. Usimwagie maji. Nikaichomoa waya kwanza! Nilichomoa waya kwanza, kabla ya kuosha!

— Na taa? Waziri aliuliza. Ile ya njano. Ilizimika?

Bisibisi aligeuka kutazama dirisha.

— Ilibadilika. Mke wangu alipokwishatoka ikawa nyekundu.

— Nyekundu!

— Nikaibandika utepe mweusi. Isimtie mama wasiwasi.

Kikombe cha Nusu Kichwa kilikuwa njiani kuelekea mdomoni. Kilibaki hapo hapo hewani.

— Fundi, alisema. Na mashine kama hizo, zikiwa na tatizo, hazina mlio?

— Ulikuwepo. Ulipiga kelele sana. Nikakata ule mlio, mama apumzike.

Ndipo aliposimama mbele yao mwanamke mmoja wasiyemjua, amekumbatia feni ya mezani, waya wake umemning'inia hadi magotini. Alikuwa amefika muda kidogo, na kwa adabu alisubiri mazungumzo yaishe. Dada Birika alimwonyesha mahali pa kukaa, akamwahi kabla hajakalia msumari.

— Samahanini, alisema mwanamke. Nimemletea fundi feni. Nimeyasikia maneno yenu sikutaka kukatiza. Mgonjwa ni mama yenu?

— Ni mama mkwe wangu, Bisibisi alisema.

— Mungu amponye. Mie sijasoma haya mambo, ndiyo maana nauliza. Umesema zile metali zilikuwa zinamshika huyu, nani, nitrojeni, ili oksijeni apite. Sasa kama maji yamejaa huko, na nitrojeni hashikwi tena na mtu, anapita tu na mwenzake wote pamoja...

— Ndiyo?

— Na wewe umesema upepo unatoka mwingi, wa baridi, safi.

— Ndiyo.

Mwanamke aliitazama feni iliyokuwa mapajani mwake, kisha akalitazama dirisha lenye pazia la maua.

— Sasa hiyo mashine na hii feni yangu, tofauti yake ni nini?

Nguuu, pshh. Nguuu, pshh.

Dada Birika aliinamisha birika kwenye kikombe kilichokuwa karibu, kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Yakatoka machicha tu.

Bisibisi alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyemwona akisimama. Aliupita mlango wa mkwewe bila hodi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aoe.

Mama alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito, macho yamefumba nusu. Mrija ulikuwa puani vizuri, kama bintiye alivyouweka. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya shuka, na kucha zake zilikuwa za buluu kama mtu aliyeshika wino.

— Mama! Mama, ni mimi!

Midomo ilisogea, sauti haikutoka.

Mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa nyuma ya mlango, ufunguo wake umefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi, pale pale mke wake alipomwonyesha. Vidole vya Bisibisi, vilivyofungua feni na redio za mtaa mzima, vilikataa kufungua fundo la kamba. Aliikata kwa meno. Akazungusha ufunguo, mtungi ukatoa mlio mwembamba, akauchomoa mrija kwenye mashine na kuuchomeka kwenye mtungi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akazitazama kucha zile. Mlangoni kijiwe kizima kilikuwa kimesimama: Waziri na kikombe mkononi, Nusu Kichwa, yule mwanamke na feni yake. Dada Birika alikuwa na simu sikioni, ameipiga namba ya yule binti wa chuo iliyobandikwa ubavuni mwa mashine.

— Ndiyo, binti yangu. Kaziosha. Ndiyo, kwa maji. Na sabuni. Alisikiliza, akafunika simu kwa kiganja. Anauliza, mtungi umefunguliwa?

— Umefunguliwa!

— Anasema mama asitolewe kwenye mtungi. Anakuja na gari la hospitali sasa hivi. Anasema... Alisikiliza tena, na uso wake ukabadilika. Anasema ile taa ya njano ilitaka ufute vumbi kwenye sifongo ya nyuma. Sifongo tu, fundi. Hakukuwa na kitu kibovu.

Bisibisi hakugeuka. Buluu ya kucha ilikuwa inaondoka, ilianzia kidole kidogo, taratibu, kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Mama alivuta pumzi moja ndefu. Akavuta ya pili. Macho yakafunguka, yakazunguka chumba, yakawaona watu wote wale waliojaa mlangoni kwake.

— Hii, alisema mama, na safari hii maneno yalitoka kwa mfuatano, ndiyo hewa.

— Ndiyo, mama.

— Sasa ile ya asubuhi, mkwe wangu, ilikuwa nini?

Fundi alitia mkono mfukoni mwa shati kutafuta kitambaa. Vidole vyake viligusa kile king'ora alichokikata asubuhi, kidogo kama kifungo cha koti, na nyaya zake mbili. Alikitazama kiganjani. Kisha akaigeukia mashine iliyokuwa bado inavuma bila kumvumia mtu, akabandua utepe mweusi, na taa nyekundu ikamtolea jicho. Akazishika zile nyaya, akaziunganisha mahali pake, moja, halafu nyingine.

Mashine ikapiga ukelele. Waziri alidondosha kikombe. Ikalia, ikalia, ikalia, chumba kizima, hadi kijiweni, hadi kwa kinyozi, na hakuna mtu aliyethubutu kuinyamazisha, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inamjibu mama.